Akirudi Ndani Ndipo Anakojoa

"Anti, shikamoo. Tumewaletea watoto kijibwa, sasa ana wiki 10. Tunakaa ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam. Kila siku anakojoa nyuma ya kochi, na haja kubwa anaiweka mlangoni mwa chumba cha watoto. Dada wa kazi anamkandamiza pua kwenye mkojo na kumchapa ufagio, tunapiga deki na jiki, lakini wapi! Kinachoniudhi ni hiki: tunamshusha uani nusu saa nzima, ananusanusa tu. Akipandishwa juu, anamwaga hapo hapo sebuleni. Baba watoto kasema mwisho wa mwezi mbwa aondoke. Huyu ni mkaidi, au kuna kitu hatukijui? – Mama Watatu"

Marahaba, Mama Watatu.

Ukaidi bado. Kibofu cha mbwa wa wiki 10 ni kidogo na misuli ya kukibana haijakomaa. Wafugaji huchukua umri wake kwa miezi, wakaongeza moja, wakapata saa anazoweza kuvumilia akiwa ametulia. Kwa wako ni kama saa tatu, tena akiwa amelala. Akiwa anakimbizana na watoto, dakika 45 zikipita bila ajali shukuruni.

Hilo la kubana uani halafu kumwaga sebuleni lina sababu yake, na kubwa ni ule ufagio. Mbwa huunganisha adhabu na kinachotokea sekunde ile ile. Ukimkandamiza pua kwenye mkojo wa dakika kumi zilizopita, hapati somo la mahali pa kukojolea. Anachoshika ni kwamba mtu na mkojo vikikutana, kipigo kinafuata. Ndiyo maana anakwenda nyuma ya kochi, msikomwona. Halafu mnamshusha uani, mmeshika kamba, mmesimama pembeni mnamtolea macho, mnataka athubutu? Anabana mpaka apate upenyo wa kujificha. Kwa hiyo ufagio urudi kazini kwake leo hii. Mkikuta ameshakojoa, futeni kimya kimya, hata kumnunia hakuna faida.

Na safari za uani zisimame kwanza. Hujasema chanjo zimefikia wapi. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, na uani kwenye fleti hupita mbwa msiowajua. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, na ya kichaa cha mbwa hufuata akitimiza miezi mitatu. Mpaka hapo, choo chake kiwe juu, kwenye balkoni.

Tafuteni trei au sinia pana la plastiki, sentimita 60 kwa 90 linatosha, ukingo mfupi asije akashindwa kupanda. Wauza bustani wana vipande vya ukoka. Tandazeni kimoja humo. Msianze na magazeti. Atazoea karatasi, na siku moja atakojolea daftari la mtoto lililoachwa sakafuni. Ajali ya kwanza mtakayofuta, chukueni hicho kitambaa kibichi mkakisugue kwenye ukoka, harufu imwonyeshe. Trei lisihamishwehamishwe. Haja kubwa iondolewe mara moja, ukoka umwagiwe maji kila jioni na ubadilishwe ukianza kunuka.

Sasa ratiba, na hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Apelekwe kila akiamka, hata usingizi wa mchana wa dakika ishirini. Dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Akishakunywa maji mengi. Katikati ya mchezo. Na kabla ya kulala. Chakula ni mara tatu kwa siku, saa zile zile, sahani iondolewe baada ya dakika 15. Kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa. Joto la Dar halitaki anyimwe maji mchana, ila kama mnalala saa 4 usiku, bakuli liondoke saa 2. Mwamsheni mara moja usiku, kama saa 8, bila taa kali wala mazungumzo.

Mpelekeni kwa kamba fupi mpaka kwenye ukoka, simameni mkitazama kando, mseme neno moja tu, kwa mfano "kojoa", wote nyumbani neno hilo hilo. Akimaliza, msifuni na kumpa kipande cha dagaa aliyechemshwa bila chumvi pale pale, ndani ya sekunde mbili. Zawadi ikitolewa jikoni baadaye, atajua amelipwa kwa kuingia jikoni. Kisha mwacheni acheze dakika tano. Wengi humnyanyua na kumfungia mara tu anapomaliza, naye anajifunza kuchelewesha mkojo ili starehe isiishe.

Asipofanya kitu ndani ya dakika kumi, msimwachie sebuleni! Hiyo ndiyo hatua mnayoiruka. Arudi kwenye boksi lake la kulalia, au afungwe kamba ya mita moja na nusu kiunoni mwa mtu mzima, kisha baada ya dakika kumi na tano apelekwe tena. Uhuru wa sebule hupatikana baada ya kukojoa, kwa dakika 30 au 40, halafu safari nyingine. Boksi liwe la kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, maana mbwa hapendi kuchafua anapolala. Likiwa kubwa atalala upande huu na kufanya choo upande ule. Mchana asizidishe saa mbili humo.

Mkimfuma akizunguka na kunusa chini baada ya kuacha mchezo ghafla, msisubiri achuchumae. Akiwa ameshaanza, pigeni makofi ya kumshtua tu, kisha mbebeni mara moja. Wengi hukata wakinyanyuliwa. Akimalizia kwenye ukoka, apewe dagaa wake kama kawaida.

Jiki nayo iacheni. Ikikutana na mkojo hutoa mvuke mkali unaochoma macho na kifua, na harufu ambayo ninyi hamuisikii yeye bado anaisikia. Nyonyeni mkojo kwa kitambaa kikavu, mpake sabuni ya vimeng'enya ya kuondoa mkojo wa wanyama mkiipata, la sivyo siki na maji nusu kwa nusu, iachwe dakika kumi kabla ya kufuta. Kwenye vigae ni salama. Kwenye terazo au mawe halisi siki hula sakafu. Vuteni kochi msafishe nyuma yake yote, kisha mzibe upenyo kwa kitu kizito. Mlango wa watoto ufungwe.

Kuhusu dada wa kazi, nakuomba ukae naye. Mbwa mlimleta ninyi, madimbwi anayafuta yeye, na hasira imeishia kwenye ufagio. Muulize kama yuko radhi. Kama ni Mwislamu, mate na mkojo wa mbwa vina masharti ya tohara yanayomsumbua kabla ya swala, usimlazimishe. Akikubali, mwongezee kitu kwenye mshahara na umfundishe ratiba hii neno kwa neno. Akikataa na mchana hakuna mtu mzima mwingine, baba watoto ana hoja.

Naye mwambie ukweli mapema. Mkishika ratiba, ajali zitapungua ndani ya wiki mbili. Kuisha si mwezi huu. Kukaa usiku kucha bila kutolewa huja karibu na miezi minne, kuaminika nyumba nzima ni kama miezi sita, na mbwa wa mbegu ndogo huchelewa zaidi. Zamu ya alfajiri mpe yeye, kwa kuwa ndiye mwenye haraka.

Akikojoa matonematone kila dakika chache, akijikamua au mkojo ukiwa na damu, hilo si la mafunzo, ni la daktari wa mifugo. Akihara, kutapika na kukataa chakula, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kama mnampa maziwa ya ng'ombe, acheni, huharisha wengi. Na akichuchumaa na kuvuja kidogo mnapomsalimia, huo ni woga: msalimieni mkiwa mmechutama, bila kelele.

Chanjo zikikamilika, kateni kipande cha ukoka alioutumia mkaweke kwenye kona mnayoitaka uani, na safari ya kwanza ya asubuhi ianzie hapo. Mbebeni mpaka chini. Akishuka kwa miguu atamalizia kwenye ngazi, na ugomvi utahamia kwa majirani wa ghorofa ya kwanza.