Maswali ya Wasomaji: Safari Inakurudisha Ukiwa Nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zina mabegi mgongoni. Tumechukua nne.

Kijana wangu ana miaka 27 na kazi nzuri, lakini likizo ikifika tu hakamatiki. Mwaka juzi Mwanza, mwaka jana Mbeya, sasa anataka Kigoma. Kiwanja hana. Sisi tulifundwa kwamba mtembezi hula miguu yake. Anafuata nini huko? *Mzee, Temeke*

Shikamoo mzee. Wahenga hao hao walisema pia kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure, kwa hiyo tusiwaite kuwa mashahidi.

Anachofuata huanza kabla hajapanda basi. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya watu 1,530, na 974 kati yao walikwenda likizo. Wenye safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiokuwa nayo. Waliporudi, wengi walikuwa sawa tu na waliobaki nyumbani. Waliopumzika hasa ndio waliobaki wamechangamka, nao kwa wiki chache. Utamu, basi, uko kwenye kusubiri: kuulizia nauli, kuhesabu siku, kuazima begi.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Muulize alikula nini mchana Jumanne ya wiki mbili zilizopita, hatakumbuka. Muulize mlo wake wa kwanza Mwanza, atakutajia mpaka rangi ya sahani. Njia ya Temeke hadi Posta ubongo umeizoea, hauna haja ya kuiandika kila siku. Kitu kigeni huufanya umwage dopamini, kemikali ya ubongo ya kuamsha hamu, na sehemu inayotunza kumbukumbu hushika kazi. Ndiyo maana siku tano za ugenini, ukizikumbuka baadaye, huwa ndefu kuliko mwezi mzima wa ofisini.

Kuhusu kiwanja, mzee, una hoja. Lakini kama raha iko kwenye kusubiri, safari fupi zinatosha kuileta. Treni ya umeme ya Morogoro ilipoanza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na mwendo haufiki saa mbili: mtu anakwenda asubuhi na jioni yuko kwake. Mshauri afanye safari moja kubwa kwa mwaka na ndogo mbili tatu, kisha fedha ya kiwanja aikate siku ile ile ya mshahara, kabla ya nauli. Akisema ataikata itakayobaki, haitabaki.

Nilijilipia siku nne Nungwi, hoteli ya ufukweni, chakula na kila kitu humo humo. Nilipumzika kweli. Ila watu husema safari humbadilisha mtu, na mimi nimerudi vilevile, rangi tu ndiyo imeongezeka. Nilikosea wapi? *Msomaji, Tabata*

Hukukosea, dada. Ulinunua mapumziko ukapata mapumziko. Mabadiliko yanauzwa duka jingine.

Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya elfu moja, wengine waliokwenda kusoma nje na wengine waliobaki. Waliokwenda walirudi wakiwa wepesi wa kupokea mambo mapya, wapole zaidi kwa watu, na wasiotetereka ovyo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilielezwa na marafiki wapya waliowapata huko, watu wa kuwategemea. Hotelini kwako hukumtegemea mtu. Ulipohitaji maji ulipiga simu mapokezi.

Ukitaka safari ya namna ya pili, chukua Lushoto kwa mfano, na uipange hivi.

Kaa mahali pamoja, siku zisipungue tano. Wengi huharibu hapa: ndani ya siku tano wanataka Lushoto, Tanga mjini na Pangani, na kote wanakuwa wageni wa siku ya kwanza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; wewe unaitaka hiyo ya tatu, watu wanapoacha kukukaribisha na kuanza kukutuma.

Nenda peke yako au na mtu mmoja. Mkiwa wanne kutoka Tabata mtakuwa mmehamisha Tabata.

Tiketi nunua ofisini kwa kampuni ya basi au kwa simu, si kwa mpiga debe anayekuvuta begi pale stendi ya Mbezi. Soma jina, tarehe na namba ya siti kabla hujaondoka dirishani. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za kona tupu. Chagua siti za mbele, tazama barabara kwa mbali, na simu ikae mfukoni. Kichefuchefu huja kwa sababu sikio la ndani linaona unayumba huku macho yaliyoganda kwenye simu yakidai umetulia. Ubongo ukipokea taarifa mbili zinazogombana, tumbo ndilo linalolipa.

Lushoto ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, na kila mita 1,000 hewa hupoa nyuzi sita hadi saba. Tegemea kama nyuzi tisa chini ya Dar. Juni hadi Agosti beba sweta na soksi za kulalia. Nauli ya kurudi iweke kando kabla hujatoka nyumbani, ikiwezekana kwenye laini usiyoitumia kila siku.

Sasa lenyewe. Tafuta gesti safi isiyopika chakula, ili njaa ikutoe nje. Kula kwa mama lishe mmoja, saa ile ile, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza atakupa sahani. Ya pili atakuuliza kama unataka kama jana. Ya tatu atakuuliza mtu wa wapi, una watoto wangapi, na mbona umekuja peke yako. Usijibu kwa mkato. Muombe akufundishe salamu za Kisambaa, ya asubuhi na ya mchana, na kubali kuchekwa matamshi. Sokoni usinunue kabichi na peasi tu ukaondoka. Uliza zinapandwa wapi, na ukialikwa shambani nenda, ila mwambie mtu wa gesti unakokwenda na saa ya kurudi. Picha omba kwanza.

Jioni ya siku ya pili ndiyo mbaya. Upweke unaingia, baridi inaingia, unaanza kuulizia basi la kesho. Ipangie kazi mapema, hata kuosha nguo uani kwa watu. Wenye kukata tamaa hukata tamaa jioni hiyo.

Ni kweli kuna jeni ya kupenda kusafiri? *Msomaji, Kimara*

Mwaka 1999 ulitoka utafiti ulioihusisha aina fulani ya jeni iitwayo DRD4 na makundi ya watu ambao mababu zao walihama mbali sana. Hayo ni mambo ya jamii nzima na maelfu ya miaka. Hayaelezi kwa nini shemeji yako ameuza friji aende Mbeya.

Nimerudi kutoka Guangzhou baada ya miezi 14 ya biashara. Hii ni wiki ya tatu na kila kitu kinanikera: foleni, mtu kuchelewa saa nzima bila hata kuomba radhi. Ndugu wanasema najifanya Mchina. Nina tatizo? *Msomaji, Sinza*

Huna, kaka. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika hatua za anayehamia ugenini: raha, kukereka, kujirekebisha, kuzoea. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaonyesha kwamba mzunguko huo hujirudia mtu anaporejea kwao. Wa pili huuma zaidi kwa sababu ulipokuwa unakwenda ulijiandaa kwa ugeni. Kwa kurudi nyumbani hakuna anayejiandaa.

Usivunje uchumba wala usihame nyumba miezi hii ya kwanza. Sentensi inayoanza na “kule China” jipimie moja kwa siku, tena ukiulizwa. Chagua zoea moja la huko ulishike bila kulihubiri, hata kunywa maji ya moto. Hasira za foleni zipeleke Kariakoo, kwa wafanyabiashara waliopita Guangzhou kabla yako. Watakuelewa kabla hujamaliza kusema.

Halafu jikague jambo moja. Mara nyingi ndugu hawaudhiwi na Uchina wako, wanaudhika kwamba wiki tatu zimepita na hujafika kuwasalimu. Doti ya khanga kwa shangazi na kilo mbili za sukari kwa babu zinatosha. Anza na wazee, na uzipeleke mwenyewe, usimtume bodaboda.