Santuri na gitaa kwenye kompyuta moja
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini santuri za mzee ukizipitisha kwenye tundu la maiki la laptopu zinatoka nyembamba, hazina besi, na kama gitaa nalo lipite hapo hapo. Laptopu haina kosa. Sindano ya santuri hutoa umeme kiduchu, milivolti 5 hivi, na besi hupunguzwa makusudi santuri inapokatwa ili mifereji isipanuke. Priampu ya fono, yaani kikuza-umeme cha santuri, ndiyo huirudisha. Ila usikimbilie dukani: geuza mashine ya santuri uangalie nyuma. Ukiona swichi ya PHONO/LINE, priampu imo ndani, weka LINE. Kama haimo, ukiinunua usiuache ule waya mwembamba wa ethi ukining'inia (wengi huuacha, kisha wanalalamikia mngurumo). Ufunge kwenye skrubu ya priampu.

Halafu tafuta kadi ya sauti ya USB (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye laptopu) yenye matundu mawili. Santuri itayachukua yote, kushoto na kulia. Zamu ya gitaa ikifika, bonyeza kitufe cha INST (yaani ala) kwenye kadi hiyo, la sivyo litasikika limefifia. Rekodi kwa biti 24, kilele cha sauti kiishie desibeli -12 hivi. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure, kwa kazi hii inatosha kabisa.