Wasomaji Wanauliza: DNA ya Damu na Saratani ya Titi

SWALI: Hongera kwa kazi, daktari. Nina miaka 44, nimegusa kivimbe titi la kushoto, hakiumi. Mbwa wetu jike wa ulinzi, miaka 9, naye amevimba karibu na chuchu za nyuma. Nasikia kuna kipimo cha damu cha DNA kinachotambua saratani ya titi kwa watu na mbwa. Nikapime hicho badala ya kuchomwa sindano ya titi? Na je, mbwa ameniambukiza? Mama wa Mafinga.

JIBU: Pole kwa hofu, mama. Mbwa hajakuambukiza, saratani ya titi haihami kati ya mbwa na mtu. Na kwa kuwa uvimbe umeshaugusa, usianze na damu.

Seli zikifa humwaga vipande vya DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, kwenye damu, vingi vikiwa na urefu wa herufi 167 hivi. Vya saratani huwa na alama: herufi iliyobadilika, au kemikali ya methili iliyobandikwa pasipo pake ikazima jeni (kipande cha DNA chenye maagizo ya kazi ya seli). Jeni iitwayo PIK3CA hubadilika mahali palepale kwa wanawake na kwa mbwa, ndiyo maana watafiti huwachunguza pamoja.

Tatizo ni uchache. Damu mililita 10 hutoa plazma (maji ya damu yasiyo na chembe) mililita 4 hadi 5. Ukipata DNA nanogramu 20 humo, hizo ni nakala kama 6,000 tu za kila jeni. Uvimbe mdogo ukichangia kipande kimoja kati ya 10,000, chupa nzima inaweza isiwe na hata kimoja, na hakuna mashine inayosoma kisichokuwemo. Kwa hiyo jibu la “hakuna” lisikurudishe nyumbani na uvimbe wako.

Nenda wiki hii ukapimwe kwa ultrasaundi, na mamografia inapopatikana, kisha daktari achukue kinyama kwa sindano nene. Uliza kama kitaingia kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, ujazo wake mara kumi ya kinyama, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa, vipokezi vya homoni na HER2 (protini ya ukuaji juu ya seli) husomeka vibaya, na dawa huchaguliwa kwa hivyo.

Mbwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo: ashike matiti yote kumi, apige eksirei ya kifua, akate uvimbe na kuupeleka maabara. Kwa mbwa, karibu nusu ya vimbe hizi ni saratani kweli. Kipimo kimoja cha damu cha saratani nyingi za mbwa, kilichochapishwa 2022, kilizigundua kwa asilimia 54.7 tu ya wagonjwa. Kama una mbwa wadogo majike, watolewe vizazi mapema: utafiti wa Marekani wa 1969 ulikuta kuwa, ukilinganisha na majike wasiofungwa kizazi, hatari yao hubaki asilimia 0.5 tu wakifungwa kabla ya joto la kwanza, 8 baada ya la kwanza, 26 baada ya la pili.

SWALI: Tulituma damu ya utafiti kutoka Mbeya kwenda Dar kwa basi la usiku, chupa za kifuniko cha zambarau. Tukajibiwa: DNA nyingi mno, ndefu, haifai. Baridi ya huku haikusaidia? Mtaalamu wa maabara.

JIBU: Haikusaidia. Njia ni zaidi ya kilomita 800, na chembe nyeupe za damu zilipasuka njiani. DNA yao ndefu ikavifunika vipande vifupi mlivyovitaka. Chupa hiyo ya zambarau, yenye EDTA ya kuzuia damu isigande, inakupa saa chache, jiwekee nne. Zungusha kwa 1,600 g (g ni nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 10, breki ikiwa imezimwa. Vuta plazma ukiacha nusu sentimita juu ya utando mweupe, yaani tabaka la chembe nyeupe. Tamaa ya kuvuta yote ndiyo huharibu sampuli nyingi. Izungushe tena kwa 16,000 g dakika 10, acha mashapo, gawanya mililita moja moja, weka nyuzi 80 chini ya sifuri. Hesabu g, si mizunguko: rota ya nusu kipenyo sentimita 16 huhitaji mizunguko kama 3,000 kwa dakika kufikisha 1,600 g.

Usigandishe kwa baridi damu ambayo haijatenganishwa kamwe. Chupa ya kijani ina heparini, inayozuia PCR, njia ya kunakili DNA ili isomeke. Nyekundu huacha damu igande, na chembe nyeupe humwaga DNA yao humo. Ikiwa lazima damu isafiri, tumia chupa maalumu zenye kihifadhi cha chembe, na hizo usiziweke kwenye barafu.

SWALI: Mama na mama mdogo wote waliugua saratani ya titi. Damu yangu itasema lolote? Binti wa Njombe.

JIBU: Hiki ni kipimo kingine: hutafuta kasoro ya kurithi katika jeni za BRCA1 au BRCA2, na hiyo imo katika kila seli, hivyo uchache si tatizo. Aanze kupimwa aliyeugua, kama yu hai. Akikutwa nayo mama yako, wewe una nafasi ya asilimia 50 ya kuirithi, na utapimwa kwa kasoro ileile. Asipokutwa nayo, kukupima wewe hakutaeleza kwa nini waliugua, lakini bado mweleze daktari historia hiyo ili akupangie umri wa kuanza mamografia.