Jibu: Lebo ya heller 20 imekosewa, nifanyeje?

Mkuu, usivunje kasha la plastiki lililofungia sarafu yako na lebo yake hata kidogo! Ukilifungua, dhamana ya kampuni iliyoipima imekwisha. Heller 20 za Tabora za 1916, sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilitengenezwa kwa shaba na kwa brasi pia, kwa hiyo lebo kusema shaba wakati yako ni brasi si jambo dogo. Mnunuzi makini ataisusa. PCGS na NGC, kampuni zinazopima sarafu na kuzipa cheti, husahihisha kosa lao la uandishi bila ada ya kupima upya, ila usitegemee fidia. Piga picha pande zote mbili, namba ya cheti ionekane, na upige nje mchana, maana taa za ndani hufanya shaba na brasi zifanane. Iandikie kwanza kampuni iliyotoa lebo. Wakikubali, ndipo uitume kwa EMS hapo Posta Mwanza, mkiwa mmeshaelewana nani analipia usafirishaji.