Maswali yenu ya sola: siku hizi mnauliza betri

Zamani barua zenu ziliuliza paneli gani ni nzuri. Sasa karibu zote zinauliza betri, na mko sawa, kwa sababu soko lenyewe limehamia huko. Paneli imekuwa rahisi. Kinachogharimu pesa ni usiku.

Mwenye kinyozi, Kondele, Kisumu: Naambiwa bei ya betri imeporomoka duniani. Mbona dukani sioni?

Imeporomoka kweli. Kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, pakiti ya betri ya lithiamu iliuzwa kwa wastani wa dola 115 kwa kilowati-saa mwaka 2024. Mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Lakini huo ni wastani unaovutwa chini na wanunuzi wakubwa, hasa viwanda vya magari, na bei imeshuka zaidi kulekule China zinakotengenezwa. Yako imepanda meli hadi Mombasa, ikalipiwa bandarini, ikaletwa Kisumu kwa lori, na mwenye duka ameweka faida yake juu. Halafu kuna shilingi: mapema 2024 dola ilipita shilingi 160, kisha ikarudi na kutulia karibu 129. Duka ambalo bado linakutajia bei ya wakati ule wa shilingi dhaifu, litoke uende jirani. Ila usikae ukingojea bei ya kiwandani, maana Desemba 2024 China ilipunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza paneli na betri nje, kutoka asilimia 13 hadi 9.

Mama mkulima, Njoro: Fundi anataka kuniwekea betri mbili za maji za 100Ah kila moja. Kijana wangu anasema ninunue moja ya lithiamu. Nani ana haki?

Mama, kijana wako. Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa.

Betri ya maji, yaani ya risasi na asidi, hutakiwi kuitumia kupita nusu. Ukiimaliza kila usiku, inakufa mapema. Kwa hiyo hizo mbili za volti 12 zinabeba karibu uniti 2.4 (volti 12 mara Ah 200; uniti moja ni kilowati-saa moja), lakini zako kwa kweli ni 1.2. Lithiamu moja ya 100Ah, ambayo volti zake ni 12.8, inabeba karibu 1.28, nawe unaweza kutumia asilimia 80 au 90 bila kuiumiza. Yaani moja inakaribia kazi ya mbili. Tena ile ya aina ya chuma na fosfeti, ambayo dukani huandikwa LiFePO4, huhimili kujazwa na kutumiwa mara elfu kadhaa; ya maji huchoka baada ya mara mia chache.

Sasa pima usiku wako. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi: taa tano za wati 8 kwa saa tano ni uniti 0.2. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne, 0.24. Friji ndogo huenda ikala nusu uniti. Jumla haifiki uniti moja, na lithiamu moja inatosha. Ukitaka kuongeza heater ya bafu, sahau. Hiyo itamaliza kila kitu kwa dakika chache.

Jambo la mwisho: muulize fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Pia hakikisha kidhibiti chaji (kinachosimamia kujazwa kwa betri) na inverta (inayogeuza stima ya betri iwe ya vyombo vya nyumbani) vimepangwa kwa lithiamu. Vikiachwa kwenye mpangilio wa betri ya maji, betri mpya haitachajiwa inavyofaa, nawe utalaumu duka bure.

Mwalimu, Kakamega: Nilisoma kuwa Pakistan watu wamejiwekea sola kwa wingi mno. Na sisi tunaelekea huko?

Mwalimu, Pakistan iliagiza paneli za takriban gigawati 17 mwaka 2024. Si kwamba walipenda jua ghafla. Bei ya stima ya gridi ilipanda hadi watu wakashindwa, na wakati huohuo paneli za China zikawa rahisi kupita kiasi. Afrika Kusini sababu ilikuwa mgao wa stima, uliokuwa mbaya zaidi mwaka 2023. Mgao ulipotulia kuanzia mwishoni mwa Machi 2024, haraka ya kununua nayo ikapoa. California wana jua la ziada mchana na upungufu jioni, kwa hiyo wameweka betri kubwa kwenye gridi yenyewe. Jioni moja ya Aprili 2024, kwa muda mfupi, betri ndizo zilizotoa stima kuliko chanzo kingine chochote huko. Australia serikali inapunguzia wenye nyumba karibu asilimia 30 ya bei ya betri tangu Julai 2025.

Sisi hatufanani kabisa na yeyote kati yao. Mitambo yetu ya mvuke wa ardhini ya Olkaria inafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo mchana hatuna shida kubwa. Shida yetu ni jioni, kila mtu akiwasha. Ndiyo maana nasema Kenya inahitaji betri kwenye gridi kabla ya mashamba mengine makubwa ya paneli. Na Pakistan kuna onyo ambalo linanisumbua: wenye uwezo wakitoka kwenye gridi, gharama zake hubaki kwa maskini wasioweza kununua paneli.

Mwenye hoteli, Nakuru: Naweza kuuzia Kenya Power stima ya ziada?

Kuuza kwa pesa taslimu, hapana. Kanuni za 2024 zinakuruhusu kuipeleka kwenye gridi na kupewa nusu ya uniti kwa kila uniti uliyotoa, kama punguzo la bili. Afadhali upige pampu na kufua mashuka mchana.

Mvuvi, Usenge: Msimu wa omena ukifungwa Aprili hadi Julai, betri za taa nizifanyeje?

Ndugu, swali zuri, na jibu linategemea aina. Ya lithiamu iache ikiwa nusu, izime, uiweke mahali pakavu pasipo joto, na uiangalie kila mwezi. Ya maji ni kinyume: ijaze kabisa, na uendelee kuijaza kila baada ya wiki chache, kwani ikikaa tupu miezi minne haitaamka Agosti.