Vichanga kufa usingizini, bakteria wanahusika?
Dada umeuliza kama kichanga kufa ghafla usingizini inaweza kuwa maambukizi, inawezekana ila haijathibitishwa. Kule London hospitali ya Great Ormond Street walipitia upya ripoti za uchunguzi wa maiti za watoto, wakatoa majibu 2008, wale ambao sababu ya kifo haikujulikana walikutwa na bakteria wa staphylococcus aureus kwenye 16% ya sampuli, waliokufa kwa sababu isiyo ya maambukizi 9%. Sasa huyo bakteria wengi tu tunaye puani na hatuumwi, kwahiyo kumkuta sio kwamba ndo kaua! Wengine wanahisi ni sumu yake, eti mtoto akilala kifudifudi pua inapata joto ndo inazidi kutengenezwa. We mlaze chali tu, hata akiwa na kamafua, na sigara ndani hapana.