Umesoma Kijapani, sasa ufanye kazi gani?

Wadogo zangu mnaosoma Kijapani, wengi mnaniuliza suali moja: tukimaliza, kuna kazi gani zaidi ya kutembeza wageni?

Kutembeza wageni ni kazi nzuri. Mji Mkongwe haukosi Wajapani, na wapenzi wa bendi ya Queen hutaka kuiona nyumba inayohusishwa na mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa Zanzibar 1946. Lakini Wajapani ni wachache mbele ya Wataliana na Wafaransa, na msimu wa mvua ukiingia mikono inabaki mitupu. Usiitegemee peke yake.

Mimi nakula kwa magari. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana magari yao yaliyotumika yamejaa barabarani kwetu. Mengi hununuliwa mnadani, na kila gari lina karatasi ya ukaguzi. Daraja 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kuna na mchoro wa gari wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipopigwa rangi upya. Hayo hata asiyejua Kijapani huyazoea.

Shughuli iko pembeni mwa karatasi, pale mkaguzi anapoandika kwa mkono, haraka haraka, kwa kukata maneno. Kuna mteja alitaka Noah ya kubebea abiria, daraja 4, bei ya kuvutia. Pembeni pameandikwa kwamba chini kuna kutu. Lilitoka Hokkaido, ambako barabara humwagwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo hula chesesi kimya kimya. Nikamwambia, kaka, hili liache. Ushauri huo ndio anaoulipia, maana gari likishashushwa bandarini halirudi.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma mwandiko wa mkono, na kuongea pia. JLPT, mtihani wa kupima Kijapani, kuanzia N5 ya chini mpaka N1 ya juu, haupimi kuongea wala kuandika, na nimeona wenye vyeti vizuri wakikwama mbele ya simu moja ya wakala wa Yokohama. Hilo linaniuma, kwa sababu ni watu wenye akili na bidii.

Wanaotaka kwenda Japani kufanya kazi, tangu Aprili 2019 kuna viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu: kulea wazee, hoteli, kilimo na kadhalika. Kwa kawaida Kijapani kinachotakiwa ni cha kiwango cha N4, pamoja na mtihani wa kazi yenyewe. Dalali akikuomba pesa za "kukuwekea nafasi", ondoka. Udhamini wa masomo wa serikali ya Japani ulizeni ubalozini Dar es Salaam.

Wala msikidharau Kiswahili chenu. Chuo Kikuu cha Osaka kinakifundisha, shirika la utangazaji la Japani, NHK, linatangaza kwa Kiswahili, na miradi ya Wajapani, kama soko la samaki la Malindi hapa Zanzibar, inahitaji mtu wa kukaa kati ya mhandisi na mvuvi na kuwaelewa wote wawili.

Aliyefika N3 na anayataka magari, amuombe mwagizaji yeyote karatasi zake za zamani za ukaguzi. Asome, aorodheshe kasoro zote, kisha aende lilipo gari lenyewe, alale chini na tochi, aangalie alichokiruka.